Safi ya Mdogo Wake

Mama Mwiko aliwapikia watoto wa chekechea kwa miaka mingi, kiasi kwamba baadhi ya akina mama waliokuwa wakileta watoto pale getini, yeye ndiye aliyewafundisha kushika kijiko. Jiko lake lilikuwa chumba kimoja cha bati nyuma ya madarasa, kimetazamana na kibaraza changu cha cherehani, kwa hiyo alichokifanya nilikiona na alichokisema nilikisikia, nipende nisipende. Hakuwa mtu rahisi. Akikuazima sufuria ukairudisha na harufu ya kitunguu, utaiosha tena mbele yake. Mikono yake ilinukia sabuni kutwa nzima. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye walisema mikono hiyo ni michafu, na mimi hasira hazijaniisha.

Mji wetu mdogo unakunywa maji ya mto. Yanapandishwa kwenye mtambo wa kilimani, yanachujwa, yanatiwa dawa ya kuua vijidudu, kisha yanashuka majumbani. Dawa ikiwepo, unakinga na kunywa. Ikikosekana, gari la ofisi ya maji hupita na kipaza sauti likiwaambia watu wachemshe. Gari hilo lilikuwa na tabia ya kuharibika siku ileile linapohitajika, na Mama Mwiko hakuwa mtu wa kungoja gari. Alikuwa na mdogo wake.

Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea. Siku kijana alipoajiriwa kuwa fundi wa mtambo, Mama Mwiko alizunguka mtaa mzima akijifanya anatafuta chumvi, ili kila mtu amuulize habari. Tangu hapo wakawa na mtindo wao. Asubuhi fundi akitoka zamu na pikipiki yake, alipunguza mwendo kwenye uzio wa jiko, na dada akamuuliza, "Maji vipi?" Akisema "Safi," ndoo za watoto zilijazwa moja kwa moja bombani. Akisema "Chemsha," sufuria kubwa ilipanda jikoni, na mimi nikajua leo nitameza moshi mpaka mchana. Majirani wakiuona moshi huo, nao wakachemsha. Dada na mdogo wake walijua vizuri wanazungumzia nini.

Wiki moja ya mvua, kila asubuhi jibu lilikuwa "Safi, dada," tena pikipiki ikiwa haijasimama vizuri. Kabla wiki haijaisha watoto walianza kuharisha darasani. Wengi walipona nyumbani. Mmoja, mjukuu wa muuza mkaa, alilazwa na dripu mkononi, macho yameingia ndani, na Mama Mwiko alishinda wodini akimpangusa midomo kwa kitambaa. Mitaani nako watu waliumwa matumbo, lakini mtu mzima akiumwa tumbo hulaumu alichokula jana. Maofisa wa afya wakaja, wakakinga maji ya bomba, wakapima. Yakaonekana hayana tatizo. Basi vidole vyote vikageukia jiko.

Aliyemwaga mtama ni wifi yake, mke wa fundi, na wala hakujua kama anamwaga. Alikuja kwangu kupimwa gauni. Akanipa pole kwa kukaa jirani na ugonjwa, akasema wao Mungu aliwasaidia, maana walichemsha wiki nzima. Mume wake alimwambia dawa ya mtambo imekwisha, na mkubwa wa ofisi amekataza gari lisipite, watu wasije wakaanza kelele. Dawa mpya ilifika kabla tu ya maofisa wa afya. Nilikuwa na pini mdomoni, nusura nizimeze.

Nilimpelekea Mama Mwiko habari hiyo nikitegemea atawaka. Hakuwaka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza tena kama kweli wifi alisema wiki nzima. Kisha akaanza kumtetea: kijana alibanwa na mkubwa wake, kijana aliogopa. Akaenda kwa mdogo wake. Fundi alilia, akakiri kwamba angemwambia achemshe, moshi wa jiko ungeonekana na ofisini wangejua nani kasema. Akaahidi kuyasema yote kwenye kikao cha wazazi. Dada alirudi mwepesi, akaniomba nimpigie pasi gauni lake.

Kikao kilifanyika darasani, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse masikio. Mkubwa wa ofisi ya maji alisimama dirishani, mikono kaikunja kifuani. Mwalimu mkuu alimwita fundi. Fundi akamtazama mkubwa wake, kisha akatazama sakafu. Mama Mwiko akamsaidia kwa upole.

"Waambie tu, mdogo wangu. Kila asubuhi nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza vipi," akasema fundi. "Nami nikasema safi. Ilikuwa salamu tu, dada."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa wazazi akaongeza kwamba hata yeye asubuhi ile kasema safi, na jino linamuuma tangu juzi. Wakacheka zaidi. Nilisimama nikasema aliyoniambia wifi. Wifi akajivuta mtandio, akasema labda sikumsikia vizuri, cherehani ina kelele. Cherehani gani, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nashika pindo la gauni lake! Kijana alimruka dada yake kimanga mbele ya mji mzima, na mkewe akamsaidia kuruka. Mama Mwiko wakamwachisha kazi palepale, kwa heshima, wakampigia makofi ya kumshukuru kwa miaka yote. Makofi yale yaliniuma kuliko kicheko.

Baada ya siku chache fundi alikuja kwa dada yake, nami nilikuwepo tukichambua maharage. Alibaki mlangoni. Akasema wangemfukuza kazi, ana watoto, na sasa dada apumzike, yeye atamtunza. Mama Mwiko alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ya kikaoni nimekusamehe," akasema. "Yule bwana alikuwa dirishani anakutazama, uliogopa. Lakini pale kwenye uzio nani alikuwa anakutazama? Tulikuwa mimi na wewe. Ungenifinyia jicho tu, ningeelewa. Ukapita huku ukiniona nafungua bomba."

Mama Mwiko akarudi kwenye maharage yake.

"Nenda kazini, fundi," akamwambia.

Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo, na nadhani kijana mwenyewe hakuwa amewahi kuitwa hivyo na dada yake. Alisimama kidogo akisubiri dada ajisahihishe, amwite mdogo wangu, kisha akaondoka.