Kocha Aliyetukataza Kupiga Mpira kwa Kichwa

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama Garland, mji ulio kando ya Dallas, kumwona rafiki yake wa kazini wa zamani, aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Njia niliyoizoea ilikuwa imefungwa, simu ikatuzungusha na kutupitisha mtaa tuliokaa nilipokuwa mtoto. Siku hizi mimi naishi Plano, nafanya kazi kwenye ofisi yenye zulia mpaka ndani ya lifti, na nilikuwa sijapita kule kwa miaka mingi. Pale palipokuwa na uwanja wetu wa mpira pamejengwa ghala refu la kijivu lisilo na dirisha, malori yameligeuzia mgongo kwa safu. Mama aligeuza kichwa, akaangalia mpaka tukapita, nami nikajua anamfikiria mtu yuleyule niliyekuwa namfikiria.

Ngoja nikusimulie habari zake, maana sidhani kama utazisikia kwa mwingine.

Tulikaa kwenye nyumba za kupanga za ghorofa mbili, sisi juu, yeye chini yetu. Alikuwa Mhispania mrefu, mwenye kovu juu ya nyusi na pua iliyovunjika mara nyingi mpaka ikawa haijui ielekee wapi. Alikuwa amecheza mpira wa kulipwa, beki wa kati, lakini si yule beki ambaye ungemsikia kwenye redio. Aliondoka kijijini kwao, huko kwenye mashamba ya mizeituni, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akacheza timu za madaraja ya chini nchini mwake. Hispania ilipomchoka akaenda Ugiriki, kisha India, kisha Malesia, kisha Meksiko, kila mahali msimu mmoja au miwili, na mwishowe akaja Houston. Timu ya Houston ilivunjika msimu ukiwa katikati. Wachezaji walifika mazoezini asubuhi wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Wenzake walirudi makwao. Yeye alipanda basi kuja Dallas kwa sababu mtu fulani alimwambia kuna ghala Garland linatafuta watu wa kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo.

Ghala hilo ndilo alilofanyia kazi baba. Walikuwa zamu moja, na siku moja baba akamleta nyumbani kula. Mama alikuwa amepika ugali, sukuma wiki na nyama ya kukaanga, akahangaika kutafuta uma. Mgeni akanawa mikono, akakata tonge, akalibonyeza vizuri kwa kidole gumba. Baba akacheka sana. Akauliza kajifunzia wapi kula kwa mkono.

"India," akasema. "Kule sikujifunza mpira wowote, lakini nilijifunza kula."

Tangu siku ile akawa wa kwetu. Jumamosi asubuhi alikuwa akituletea mkate aliouchoma, akausugua kwa kitunguu saumu na nyanya mbivu, akaumiminia mafuta ya mizeituni. Harufu ile ilipanda ngazi kabla yake. Mpaka leo nikisikia kitunguu saumu asubuhi, miguu yangu inataka kutafuta njumu.

Maana Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi. Alikusanya watoto wa majengo yale, wavulana kwa wasichana, Wakenya, Wakongo, Wameksiko na Wasalvador, akatupeleka kwenye uwanja ule ambao hakuna aliyeujali. Nyasi zilikuwa za kahawia, ardhi ngumu kama sufuria. Mwezi wa nane joto la Texas lilitupanda kutoka chini kupitia soli za viatu, na nyenze walilia kwenye miti ya upande wa reli mpaka treni ya mizigo ilipopita ikawafunika. Kazi yangu ilikuwa kufua fulana za mazoezi kwenye mashine za chini za kulipia, pamoja na msichana mmoja Mkongo. Tulikuwa tukizikunja huku zina moto, tukibishana nani atavaa ipi.

Alitufundisha kwa Kiingereza chake na kwa Kihispania, na alipookota Kiswahili kwetu akakitumia hichohicho bila aibu. "Rudi! Rudi! Rudi!" Herufi ya kwanza ilikuwa ikimviringika mdomoni kama injini. Mimi alinifanya beki. Aliniambia nisitazame miguu ya mshambuliaji kwa sababu miguu inadanganya, nitazame kiuno. Alinionyesha namna ya kumsukuma mtu kwa bega pale anapokuwa na mguu mmoja tu chini. Kuvuta jezi bila refa kuona alijifunzia Ugiriki, na hilo alikataa kutufundisha mpaka tukue.

Jambo moja tu alikuwa mkali nalo. Hakuna kupiga mpira kwa kichwa. Ukija juu, uache udunde au uuchukue kwa kifua. Aliyekiuka alikaa benchi. Tulimcheka chinichini, kwa sababu timu nyingine zilitufunga mabao ya kona kama mchezo, na kwa sababu yeye mwenyewe alisifiwa kwa hilohilo. Mmeksiko mmoja mzee wa pale jirani alikumbuka kumwona akicheza kwao, akasema mtu huyu alikuwa akiondoa mipira kwa kichwa kutwa nzima, damu inamtoka na bandeji imefungwa, mashabiki wanaimba. Tulipomuuliza, kocha aligonga paji la uso kwa vidole.

"Hiki ni cha kufikiria. Mimi nilikifanya nyundo."

Mama ndiye aliyeona mapema. Wakati huo alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee, bado anasomea unesi, na kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha watu waliosahau majina yao. Aliona kocha akiomba chumvi ilhali ameishika. Aliona akimwita baba kwa jina la mtu mwingine, akajirekebisha, akarudia tena. Siku moja moshi ulipanda kutoka chini, baba akashuka mbio na kukuta sufuria imeungua nyeusi jikoni na kocha ameketi sebuleni, hasikii harufu. Nilikuwa nikiosha vyombo mama alipomwambia baba.

"Yule mtu hayuko sawa. Nawaona watu kama yeye kila siku."

"Amechoka tu. Zamu zetu unazijua."

"Wale wangu wana miaka themanini, baba watoto. Yeye hata hamsini hajafika."

Kiangazi hicho tulialikwa kwenye mashindano ya watoto Houston. Kanisa letu lilituazima van, kocha akaendesha, na mama akaomba ruhusa kazini ili aje nasi. Alisema anakuja kutupikia. Alibeba chapati zilizofungwa kwenye taulo, maharagwe ya nazi na mayai ya kuchemsha, nasi tukala njiani huku tukiimba. Kocha alikuwa mchangamfu kupita siku zote. Houston ilipoanza kuonekana alituonyesha kwa kidole mahali alipokuwa akikaa, mahali alipokuwa akinyoa nywele.

Tulishinda mechi ya kwanza na ya pili. Ya tatu ndiyo ingetupeleka fainali, na dakika zilikuwa zimebaki chache tukiwa mbele kwa bao moja. Wakapata kona. Mpira ulikuja juu, mzuri, polepole, na nyuma yangu hakukuwa na mtu ila kipa wetu mdogo. Sikufikiri. Niliruka nikaupiga kwa kichwa, na palepale kichwa cha mvulana wao kikanigonga kando ya sikio.

Nilisikia sauti kama mlango wa gari unafungwa. Nilipofumbua macho kocha alikuwa tayari amepiga magoti mbele yangu. Alikuwa ameingia bila refa kumwita. Alinishika uso kwa mikono yote miwili.

"Tuko mji gani?"

"Houston."

"Tunacheza na nani?"

Nilitafuta jibu, sikulipata. Nilijua wamevaa bluu, basi. Akaninyanyua kama mtoto mchanga akanitoa nje. Nilipoweza kusimama nikataka kurudi. Mzazi mmoja wa timu yetu, baba wa mshambuliaji, akaanza kufoka kwamba msichana yuko sawa, anaongea, anatembea, arudishwe. Kocha hakupandisha sauti.

"Akirudi yeye uwanjani, mimi naitoa timu nzima."

Mvulana aliyechukua nafasi yangu hakuwahi kucheza beki. Wakasawazisha, kisha wakatufunga la pili. Nilikaa kwenye nyasi nikilia kwa hasira, mama amenishikia barafu kichwani, na nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote wa mtoto.

Tukaondoka alasiri. Baada ya muda kidogo mama aliona tumetoka kwenye barabara kuu. Akadhani tunatafuta petroli. Kocha alikata kona moja, akakata nyingine, bila kusita, kama mtu anayekwenda kwake, kisha akasimamisha gari kwenye maegesho mapana ya duka kubwa. Akazima injini. Akatugeukia, akasema kitu kwa Kihispania, kwa haraka, akipiga makofi. Mvulana wetu wa Kimeksiko akatutafsiria kwa sauti ndogo.

"Anasema tushuke na njumu zetu. Anasema tumechelewa. Mlango wa wachezaji uko upande ule."

Upande ule kulikuwa na matoroli ya kununulia vitu na ukuta wa duka. Kocha alishuka, akaanza kukimbia taratibu katikati ya magari, akinyanyua magoti, akizungusha mikono, akijipasha moto. Alifika ukutani akaupapasa. Akaenda hatua kadhaa kushoto, akapapasa tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipakia mifuko alimvuta mtoto wake karibu. Ndani ya van hakuna aliyecheka. Sisi watoto, tuliokuwa tukicheka kila kitu, tulibandika nyuso kwenye vioo.

Mama alishuka. Hakukimbia. Alitembea mpaka akawa kando yake, akampa mkono kama alivyokuwa akiwapa wazee wake, kiganja juu.

"Kocha, leo hakuna mechi."

Kocha alimgeukia, sasa akiongea Kiingereza. "Wameahirisha?"

"Wameahirisha."

"Wangetuambia," akasema. "Hawa watu hawatuambii kitu."

"Ni kweli. Nipe funguo. Nita-drive mimi."

Mama alikuwa hajawahi kuendesha gari kubwa vile. Aliushika usukani kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi, malori yakitupita pande zote, jua likimchoma jicho la kushoto. Kocha alikaa kando yake. Mahali fulani njiani, kwenye mashamba yale matupu kati ya miji miwili, fahamu zikamrudia. Niliona mabega yake yakishuka. Alitazama mikono yake isiyo na usukani, akamtazama mama, akavua kofia akaishikilia mapajani.

"Niliwabeba watoto," akasema.

"Watoto wako salama."

"Mama, niliwabeba watoto kwenye gari."

Mama alikaza macho barabarani. Kisha kocha akaniuliza mimi, niliyekuwa nyuma yake, bila kugeuka. "Kichwa?"

"Kiko sawa."

"Usinidanganye. Mimi niliwadanganya makocha wote. Kila nchi, kila lugha. Niko sawa, niko sawa."

Nikamwambia ukweli kwamba kinauma na kwamba nyuso za watu zilikuwa mbilimbili. Mama akanipeleka hospitali moja kwa moja tulipofika Dallas, nikalala kwenye chumba chenye giza siku kadhaa, nikapona. Hasira ilikwisha ndani ya van ile.

Yeye hakurudi uwanjani. Baba alijaribu kusimamia mazoezi kwa muda, lakini zamu zikamshinda, watoto wakaanza kuhama na wazazi wao, mmoja mmoja. Ghalani walimwondoa kocha kwenye mashine, halafu wakamwondoa kabisa. Daktari alimwambia mama kwamba ubongo ule ulikuwa umepigwa kwa miaka mingi, na kwamba hakuna kinachoweza kurudishwa. Mama alipiga simu ofisi hii na ile mpaka akapata nafasi kwenye nyumba ya wazee aliyofanyia kazi. Akawa mgonjwa kijana kuliko wote pale.

Mwanzoni nilikwenda na mama Jumamosi. Kocha alinijua, kisha akanijua kwa uso tu, kisha ikawa mimi ni mtu anayekuja. Kiswahili kilimtoka kwanza, halafu Kiingereza. Mwishowe alibaki na Kihispania cha kijijini kwao, na mwanamke Msalvador aliyesafisha sakafu ndiye aliyetuambia anachouliza: basi la timu linaondoka saa ngapi. Mama alijifunza jibu lake kwa Kihispania. Baadaye kidogo. Kula kwanza. Alimlisha kwa kijiko mpaka alipoacha kumeza, na alipofariki mama ndiye aliyemfumba macho.

Dada yake alikuja kutoka Hispania kuchukua majivu. Mwanamke mnene, mpole, aliyevaa viatu vya safari. Tulikaa naye kwetu, baba akachemsha chai ya maziwa, na yule Msalvador akaja kututafsiria. Dada huyo alikuwa amejaribu kumtafuta kaka yake kila alipohama, akisikia nchi moja tayari yuko nyingine. Timu nyingi alizochezea hazipo tena, na mimi nimetafuta mtandaoni nikiwa mtu mzima, nikapata jina lake mahali pamoja tu, limekosewa herufi. Hakuna picha. Watoto aliowafundisha wametawanyika. Wengine wanaendesha malori, wengine manesi, mmoja alirudishwa kwao kwa nguvu. Tukikutana harusini tunaongelea watoto wetu.

Dada yule alimuuliza mama kwa nini alimhudumia hivyo mtu asiye ndugu. Mama aliweka kikombe chini.

"Wazee wangu wote nilikutana nao wakiwa wamelala kitandani," akasema. "Huyu peke yake nilimwona akikimbia."

Ilipotafsiriwa, yule mwanamke akafunika mdomo. Kisha akauliza alikuwa anakimbiaje, kwa sababu yeye alimwona mara ya mwisho akiwa kijana. Mama akanitazama nijibu mimi.

Nikamwambia kwamba alikuwa akikimbia kinyumenyume. Mabeki hukimbia hivyo, ili wasiupe mchezo mgongo. Tulikuwa tukishindana naye uwanja mzima, sisi tunakwenda mbele, yeye anarudi nyuma, anatutazama, anatuita, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumfikia.