Maharage Yaliyopanda Treni

Mwanangu Hénoc ana blogu, na tangu aifungue hatuna raha nyumbani. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, anatutangazia watu wangapi wameitembelea. Juzi nikamuuliza: na hao waliotembelea, wamefanya nini? Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mama yake, kwamba hata injini za kutafuta mtandaoni hazihesabu wageni tu. Zinaangalia nani amewaelekeza watu kwako, na kama huyo naye anaelekezewa watu na wengine. Kiungo kimoja kutoka kwa anayeaminika kinashinda vingi vya wasiojulikana.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hayo mama mdogo Berthe aliyafanya hapa hapa Likasi, mwaka tisini na tano, kwa sahani ya maharage.

Berthe alikuwa mdogo wa mama yangu, mnene, mcheshi, wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Zamani alifanya kazi Shituru, kwenye chumba cha simu cha kiwandani. Alichomeka nyaya kutwa nzima, akiunganisha watu. Simu zilipokufa, kama vilivyokufa vitu vingi miaka ile, alianza kukaanga beignets, maandazi yetu ya huku, mbele ya lupango letu, yaani ua wetu, mtaani Kikula, na juu ya sufuria ya mafuta akatundika ubao mweusi. Hapo aliandika wapi maji yametoka, lini umeme wa bwawa la Koni unatarajiwa kurudi, mbuzi wa nani amepotea. Kusoma kulikuwa bure, ila ukisoma bila kununua alikutazama mpaka ununue.

Mshindani wake alikuwa Lambert, aliyezunguka na kipaza sauti na betri ya gari juu ya baiskeli, akitangaza misiba, maombi na sabuni. Alikuwa na sauti tamu, siwezi kumnyima haki yake. Popote aliposimama, watu walijaa.

"Mama Berthe," alipenda kumchokoza, "ubao yako inasomwaga na mbuzi tu!"

"Na mbuzi inasikiaga kuliko bantu bako!"

Lakini chini ya kicheko kile palikuwa na jambo moja. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Clotilde, rafiki wa Berthe wa kufa na kuzikana. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa mjini, Clotilde na mumewe Mukendi walipanda treni na wenzao, na mizigo haikuenea. Blanketi lao zito jekundu likabaki kwetu. "Nitalifuata," Clotilde alisema dirishani. Tangu siku ile, kimya. Barua hazikufika, na hatukujua hata walishuka kituo gani. Tulisikia kwamba wengi walikufa njiani. Berthe aliyewaunganisha watu wa kiwanda kizima sasa alishindwa kumpata mtu mmoja tu, na hilo lilimtafuna. Liliniuma na mimi kwa ajili yake.

Lile blanketi lilikuwa la kupikia. Clotilde alikuwa na ujanja wake: unachemsha maharage kidogo tu, unaifunga sufuria moto moto ndani ya blanketi, unailaza kitandani na kwenda zako sokoni. Ukirudi, yameiva, na mkaa wako umebaki. Siku moja Mukendi, katekista, mtu wa heshima zake, alitoka kazini hoi, akajitupa kitandani mchana kweupe. Akaikalia sufuria. Aliwaapisha Clotilde na Berthe wasimwambie mtu. Mimi hakuniapisha, kwa sababu nilikuwa nyuma ya mlango nimejiziba mdomo.

Basi Berthe akapanga. Atayatoa maharage yatembee, yaani ule ujanja wa kuyapika, lakini habari ya Mukendi ataificha. Yakimfikia Clotilde popote alipo, atajua yametoka wapi, na kwa mdomo ule hawezi kujizuia kuongeza mwisho wake wa Mukendi; mwisho huo ukirudi kwetu, tutajua yu hai.

Kwanza alimpa Lambert ayatangaze. Umati ulikusanyika, ukacheka, ukapiga makofi, ukaenda nyumbani kupika kama jana. Berthe alizunguka Kikula jioni na kuona moshi wa mkaa kila ua.

"Bote balisikia," alisema. "Hakuna mwenye alifanya."

Nilidhani atakata tamaa. Sikumjua vizuri. Kesho yake alianza kumuuliza kila mnunuzi: "Weye, kama unataka kujua kintu, unaulizaga nani?" Huyu akamtaja jirani, yule akamtaja mwenzake wa kwaya. Berthe akawafuata waliotajwa na kuwauliza vilevile. Njia zote zikaishia mahali pamoja: kwa Bibiane, muuza samaki wakavu wa sokoni, mwanamke mkimya kama jiwe, ambaye ubao wetu hajausoma hata siku moja. Wafanyabiashara wa treni walinunua samaki kwake kabla ya kwenda Kasai, na alichosema yeye hawakukipinga.

Mama mdogo hakumpelekea maneno. Alimpelekea sufuria ndani ya blanketi, akampakulia sahani. Bibiane alikula polepole, akalamba kijiko.

"Iko bien," akasema. Basi.

Haukupita muda, mablanketi yakaanza kuanikwa Kikula yakinuka maharage. Berthe naye alikuwa na kipimo chake: alisimama kwenye foleni za maji mbali na kwetu, akajifanya mjinga, akingoja mgeni amfundishe maharage yake mwenyewe. Kule Shituru mama mmoja alimgombeza hasa kwamba hajui kufunga sufuria. Alirudi nyumbani anacheza, akaniambia:

"Ananifokea, Rosalie! Hajue ni yangu!"

Kisha msimu wa mvua ukaja, ukaisha, na kucheza kukapungua. Maharage yalisifiwa kila upande, lakini yalirudi vilevile alivyoyatoa, hayajaongezwa neno. Mara nyingine nilimkuta amekaa na blanketi mapajani.

Asubuhi moja mfanyabiashara aliyetoka kushuka treni alisimama kununua beignets. Akamwona Berthe anaifunga sufuria.

"Aa, na huku munajua? Kwetu Mwene-Ditu, kule Kasai, mbele ya kuilalisha, tunaulizaga kwanza: bwana eko wapi?"

Berthe aliacha kufunga. "Juu ya nini munaulizaga?"

"Banasema kuko baba moja, muntu wa heshima, aliikalia!"

Kijiko kilianguka. Mama mdogo alimshika yule mgeni mikono yote miwili, unga na mafuta vikampaka mpaka viwiko. "Nani alikuambia?"

"Mama moja wa mu soko. Anachekaga mpaka machozi. Bwana yake anakasirika, anamwambia nyamaza."

"Anakasirika!" Berthe alipiga yowe. "Rosalie, Mukendi anakasirika!"

Alilia, akacheka, akagawa beignets zote bure, hata kwa watoto waliokuwa wanapita tu. Lambert alikuja mbio na baiskeli yake, akidhani ni msiba au ndoa. Berthe akamvuta shati.

"Sasa piga makelele, Lambert. Leo piga!"

Na Lambert, Mungu ambariki, alitangaza mpaka betri ikaisha: "Clotilde eko muzima! Mukendi eko muzima, na anakasirika!" Watu wasiowajua kabisa walipiga makofi. Hata Bibiane alitabasamu, na hilo nalo lilikuwa habari.

Kesho yake ubao haukuwa na maji, umeme wala mbuzi. Uliandikwa hivi tu, kumwita Clotilde: *Blanketi yako iko. Kuya kuikamata.*

"Mwene-Ditu ni mbali," nikamwambia. "Nani kule atausoma ubao huu?"

Alikuwa anafunika sahani ya maharage, anampelekea Bibiane, pamoja na maneno yale, kabla treni haijaondoka.