Leso Niliyomfunika Swala

Ukoo wetu hauli swala. Hatumpigi, hatumwindi, na ukimkuta amekufa njiani humpiti hivi hivi: unamfunika kwa majani, unamwambia pole, ndipo unaendelea na safari. Kwa hivyo siku bosi alipoleta swala jike kwenye ua wa nyumba yake pale Malaz, zawadi ya rafiki mwenye shamba, mimi mfanyakazi wao nilishikwa na furaha ya kijinga. Riyadh nzima sikuwa na ndugu, na sasa nimeletewa mmoja.

Kila asubuhi nilimpelekea majani makavu nikamsalimu kwa lugha ya kwetu. Alikuwa mwoga kupindukia. Kifuniko kikianguka jikoni, yeye huyo, kajibanza nyuma ya tangi la maji, mbavu zinapanda na kushuka. Madam alimtazama kutoka mlangoni tu. Binti yake mdogo akivaa akapendeza, alimwita "ghazali wangu", yaani swala wangu. Nikadhani mnyama anayesifiwa hivyo hawezi kuishia kwenye sufuria. Ujinga wangu huo.

Mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani, na bosi alikuwa ameniahidi ruhusa ya kwenda kumwona, wageni wake wa Ijumaa wakishaondoka. Ahadi ni deni, wanasema, ila ruhusa ya mfanyakazi kutoka nchini na kurudi huitoa bosi, kwenye simu yake. Jumatano akaja jikoni.

"Ijumaa utapika ghazali. Wageni wakubwa."

"Bosi, huyo siwezi kumpika. Kwetu ni kama ndugu."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mafi pika, mafi safari. Halas." Yaani nisipopika, sisafiri.

Nikampigia simu mwenzangu wa ukoo, anayefanya kazi Jeddah, kule Al-Hindawiyah. "Wewe pika tu, sister," akaniambia. "Usionje. Mwiko ni wa mdomo, si wa mikono. Ama unataka mamako akufe kama hujamwona?"

Nikamkatia simu. Nilimchukia, kwa sababu nilikuwa nishaanza kukubaliana naye.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakata vitunguu. Mchinjaji akaingia, lango likajifunga nyuma yake kwa kishindo. Swala akaruka, akaenda moja kwa moja ukutani, kichwa mbele. Nilisikia shingo ikivunjika. Mchinjaji akamkimbilia na kisu, akamgusa, akatikisa kichwa. Alikuwa amekufa kabla ya kuchinjwa. Kibudu. Hakuna Mwislamu ambaye angemtia mdomoni.

Majani ya kumfunika hayakuwepo, ua wote ulikuwa saruji. Nikafungua leso kiunoni, nikamtandazia, nikainama nikamwambia pole kwa lugha yetu. Nilipoinuka, madam alikuwa mlangoni, midomo inamcheza.

"Umesema nini? Kila siku unamwambia nini huyu?"

Nikaelewa: alidhani namroga. Sihiri. Mfanyakazi wa ndani akivishwa neno hilo, hakuna wa kumvua.

"Nimempa pole, madam. Haki ya Mungu, ni pole tu."

Hakuniamini. Wageni walikula mbuzi, na tangu hapo hakuna mtu nyumbani mle aliyenitazama usoni. Jioni bosi akanionyesha simu yake. Ruhusa ya safari ilikuwa imetoka, ya kwenda. Ya kurudi haikuwepo. Nikapanga nguo zangu bila kuuliza.

Mama nilimkuta kitandani, kajifunga kipande cha pili cha leso ile ile. Tuligawana doti siku niliyosafiri, kimoja chake, kimoja changu. Hakuniuliza habari za kazi. Aliniuliza changu kiko wapi. Nikamweleza yote, nikimwogopa kuliko nilivyomwogopa madam. Akaanza kuhangaika na fundo la leso yake, vidole havina nguvu.

"Ulimfunika vizuri?"

"Nilimfunika, Mama."

"Basi shika hii," akasema. "Mimi utanifunika nayo."