Kikundi cha Mtu Mmoja Pale Chuno

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, tulimzika rafiki yangu wa mtaa wa Shangani hapa mjini, mwalimu wa kompyuta ambaye wengi wenu mlimjua kwa ubishi wake kabla ya kuijua elimu yake. Nimebishana naye miaka mingi, na sasa sina wa kubishana naye. Inaniuma.

Intaneti ilipoingia mjini kwetu, alitengeneza tovuti ya kuorodhesha vikundi vya waandika programu za kompyuta huku kusini: wanakutana wapi, siku gani, aulizwe nani. Kwa kuwa mitaa yetu haina namba, aliandika kama tunavyoelekezana: shuka stendi, mwulize fundi cherehani mwenye banda la bluu, atakupeleka. Fundi akahama, na mgeni mmoja akazunguka Masasi kutwa nzima. Tangu hapo rafiki yangu hakuandika kikundi ambacho hajakipigia hodi mwenyewe na kunywa chai na wenyewe. Nilimcheka sana. Mambo ya mtandao yanafuatwa kwa basi, tena kwa vumbi lile la Newala?

Wakati huohuo kikundi chake mwenyewe, kilichokutana Jumamosi katika chumba cha kupanga pale mtaa wa Chuno, kilikuwa kinakufa. Wenzake walipata kazi Dar es Salaam wakaondoka mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake. Bado kila Jumamosi alifungua mlango, akakaa na kompyuta yake na chupa ya chai. Mkewe alinung'unika, nami nilimwona mkaidi tu.

"Kifute, bwana," nilimwambia. "Au kiache humo kwenye tovuti, wewe ukapumzike. Nani atajua?"

"Mtu atoke kijijini kwa nauli yake akute kufuli, nitamweleza nini? Na nikikifuta, huyo ataanzia wapi?"

Sisi ni hodari wa kuzindua. Risala tunasoma, soda tunakunywa, picha tunapiga, kisha jengo linageuka makazi ya popo. Kazi ya kuendelea kuwepo baada ya makofi haina mgeni rasmi, ndiyo maana wengi tunaikimbia. Yeye aliifanya, na sikumwelewa mpaka msibani, aliponisogelea mwalimu wa kike anayefundisha shule ya kijiji cha Kitaya.

"Shikamoo mzee. Mie niliiona ile tovuti nilipokuja mjini, nikaenda Chuno," alisema. "Nikamkuta mtu mmoja tu. Nikamwuliza, wenzako wako wapi? Akanimiminia chai, akasema, 'Karibu mwalimu. Sasa tuko wawili.'"

Leo kikundi kile hakitoshi chumbani, na wengine hukaa barazani. Umoja ni nguvu, tunaimba hivyo tangu shule ya msingi. Ila kabla ya umoja lazima awepo mmoja anayekubali kukaa peke yake, na mlango wazi.