Tuta la Maua Lililowekewa Matanga

Jamani, aibu hii niliificha miaka yote, na nisingeitoa leo kama si mke wangu Wakesho kuanza kuwasimulia wageni kila akipika chai, tena anaisimulia vibaya, ananifanya nionekane mjinga kuliko nilivyokuwa, na mimi nasema kama ni kuchekwa basi nichekwe kwa maneno yangu mwenyewe.

Ilikuwa Garissa, wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya. Mimi Mwakio, Mtaita wa Wundanyi, karani wa serikali, nilipelekwa huko hata ndevu hazijakaa sawa. Siku hizo huwezi kusafiri ila kwa msafara wa malori yenye askari, jioni hutoki nje, na watu wakikusanyika mahali pamoja, doria inakuja kuuliza kulikoni. Wakesho nilimwacha nyumbani mja mzito, na siku naondoka alinipa sharti mbele ya mama yangu: "Nikishajifungua nitakuja nione. Nikikuta vumbi na bunduki tu, narudi na lori lile lile lililonileta." Akajifungua msichana, na mimi sijamwona hata ukucha. Sasa wanakuja, na usingizi sina, maana Wakesho akisema narudi, anarudi.

Nikajiuliza, vumbi hili nitalificha vipi? Bunduki siwezi kuziondoa, lakini uwanja wa nyumba je? Nikaamua (na hapa ndipo shetani alipoingia) kumtengenezea bustani ya maua mbele ya mlango, kama ya kwao. Sasa kwetu milimani mvua inanyesha mpaka unaichukia, kwa hiyo maua unayapanda juu ya tuta, udongo unauinua ili maji yasiozeshe mizizi, na mimi bila kufikiri nikafanya hivyo hivyo Garissa, mahali ambapo mvua ikinyesha watu wanahadithiana mwaka mzima! Nikarundika udongo, tuta refu, pana, zuri kabisa. Nikimwaga maji yanateremka yote pembeni, tuta linabaki kavu, na badala ya kujiuliza kwa nini, nikaongeza udongo. Nikazungushia mawe, nikayapaka chokaa. Yakabaki mawe mawili makubwa, nikasimamisha moja mwanzo wa tuta na moja mwisho wake, kwa urembo.

Shida ikawa mbuzi wa Mama Habiba. Huyu Mama Habiba alikuwa jirani yangu, mama wa Kisomali muuza maziwa, mrefu, akiita mbuzi wake sauti inavuka mto Tana na kurudi. Tulikuwa hatusalimiani. Mbuzi wake walikula miche yangu ya kwanza, nikawarushia mawe, akanitukana kwa Kisomali, nikamjibu kwa Kitaita, na ikawa ndiyo kazi yetu ya kila asubuhi. Basi miche ya pili nikaifunika kwa matawi ya miiba. Halafu nikaona jua litaichoma, nikatandaza juu ya miiba leso ya Wakesho, ile ya zamani niliyokuwa najifunika nikilala (msicheke, nilikuwa kijana), ambayo mtaa mzima uliijua kwa kuiona kwenye kamba na kunitania eti huyo ndiye bibi yako.

Msafara ulipofika nikaenda mbio kumpokea, Wakesho hayumo. Dereva mmoja akaniambia lori alilopanda limeharibika njiani, litafuata kesho na askari. Nikarudi nyumbani uso umenishuka, watu wananisalimu, mimi siitikii. Nikamwagilia tuta langu, nikasimama pale nimeinamisha kichwa muda mrefu (natafuta kama kuna mche uliochipua), nikafuta macho maana vumbi lilikuwa jingi, nikaingia ndani nikafunga mlango. Kumbe Mama Habiba ananiangalia kutoka kwake tangu mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi nafungua mlango, uwanja umejaa watu! Mikeka imetandikwa, wazee wamekaa kimya, akina mama wamewasha moto, chai inachemka, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo, na mbuzi mwenyewe namfahamu, ni yule yule mla miche. Mama Habiba akanijia na kibuyu cha maziwa, akanishika mkono. "Kaa chini, mwanangu. Kunywa. Hakuna kusema kitu."

Mwanangu! Jana nilikuwa mbwa.

Mimi nikajua moja kwa moja kwamba wamesikia mke wangu anakuja, wamejikusanya kumpokea. Kifua kikajaa. Nikawaambia, "Asanteni sana, asanteni, mke wangu mtamwona leo hii." Wakatazamana. Nikaona nisiishie hapo, nikawapeleka kwenye tuta. "Hili nimemtengenezea kwa mikono yangu. Na pale kando nitaweka kadogo, ka mtoto."

Akina mama wakaangua kilio. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, akili imeruka." Na mimi nimesimama pale natabasamu, nadhani wameguswa na mapenzi yangu.

Kilio kile ndicho kilicholeta doria. Gari likasimama, akashuka sajini mmoja wa bara kama mimi, fimbo kwapani, askari nyuma yake. "Mkutano gani huu?" Wazee wakasema ni msiba. "Nani kafa? Nani katoa ruhusa kuzika hapa?" Hakungoja jibu. Akalizunguka tuta, akaligonga kwa kiatu. "Udongo huu bado mbichi. Humu mmefukia bunduki. Fukueni."

Askari wakashika majembe. Na kabla sijafungua mdomo, Mama Habiba akaenda akasimama mbele ya tuta, mikono kaitanua. "Biga mimi kwanza," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Bibi yake nalala hapa. Wewe nataka fukua bibi ya mutu? Huyu kijana nabata shida ya kutosha!"

Ndipo nikalitazama tuta langu kwa macho ya watu wengine. Mungu wangu! Urefu wa mtu mzima. Jiwe la kichwani, jiwe la miguuni. Miiba juu, na huko miiba ndiyo inayofunika kaburi fisi asilifukue. Leso ya mke wangu. Wao wanazika makaburini kwao, lakini wanajua sisi wa bara tunazika nyumbani, uani, na wameniona nikitoka kwenye malori bila mke, nikimwaga maji, nikiinamisha kichwa, nikifuta macho. Yaani nimekula matanga ya mke wangu mwenyewe, na nimewaahidi kaburi la mtoto!

Nikinyamaza, sajini anainua fimbo. Na si fimbo tu, siku zile mama wa Kisomali kumzuia askari, anapandishwa garini na usijue atarudi lini. Nikisema, mji mzima utanicheka mpaka nizeeke. Fimbo ikapanda. Nikapiga kelele, "Afande! Hapa hakuna maiti! Ni maua!"

Hakuna aliyeniamini. "Mwache, ni mgonjwa," Mama Habiba akamwambia sajini, bado amesimama pale pale. Basi nikaingia chini ya mikono yake, nikang'oa miiba, nikapiga magoti nikafukua kwa vidole kama mbwa, mchanga unaruka, unaniingia puani, huku nalia, "Maua, jamani, ni maua tu!"

Na lori likachagua dakika hiyo kufika. Wakesho anashuka, mtoto mgongoni, anaona mikeka, wazee, wanawake wenye machozi, askari, tuta, na leso yake mwenyewe. Mimi sionekani, nimo shimoni. Akatupa kifurushi chini. "Mwakio wangu! Wamemuua Mwakio wangu!"

Nikainuka kutoka kaburini, mchanga usoni na nyweleni. Wakesho akapiga ukelele mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na mzee aliyekuwa karibu yangu akaruka mkeka mzima. Mama Habiba akamgeukia Wakesho. "Wewe nani?"

"Mimi mke wake."

Mama Habiba akamtazama mke wangu, akatazama leso, akatazama mche mmoja mkavu ulioshikamana na shati langu. Akavua ndala, akanichapa nayo mgongoni, halafu akaketi chini akacheka mpaka akashika mbavu. Sajini alicheka naye hadi kofia ikaanguka, akaondoka na askari wake bila kuandika neno. Na yule mbuzi alichinjwa hivyo hivyo, ila sasa kwa ajili ya mtoto, ambaye siku ile alizunguka mikononi mwa watu wote kabla ya kunifikia mimi baba yake.

Watu walipoondoka nikamuuliza Wakesho, huku nimeinamisha kichwa, kama nimfungie mizigo. Mbele ya mlango palikuwa shimo na vumbi, na bunduki ndizo hizo alizikuta.

Akasema, "Yule mama hanijui jina wala sura, na alikuwa tayari apigwe kwa ajili ya mifupa yangu. Nirudi wapi?"

Tukakaa. Shukrani niliyo nayo kwa watu wale sijapata pa kuiweka hadi leo. Shimo nililofukua kwa vidole halikufukiwa, tulipanda humo humo, chini, kama bakuli, maji yakatulia, na maua yakatoka. Tangu hapo nimehama nyumba nyingi, na nimeapa sitainua tuta tena mbele ya mlango wangu, nachimba kwenda chini. Lakini kabla sijagusa jembe, nauliza kwanza mwenye mbuzi ni nani, nakwenda kumsalimia.