Chuma Kisichokuwa cha Ndege

Miaka ya vita nilikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana moja ya Élisabethville. Mdogo wangu aliuza mkaa. Kila wiki alikwenda kwa baiskeli hadi kwa wachoma mkaa porini, upande wa Kinsevere, akarudi na magunia mawili.

Msimu mmoja wa mvua hakurudi. Tulimtafuta siku nne; mvua ilikuwa imefuta kila alama njiani. Kisha maneno yakaanza: amevuka mpaka, yuko kwenye migodi ya Rhodesia, kule ana mwanamke. Mkewe alikuwa na ulimi mkali kidogo, na katika kikao cha familia mimi ndiye niliyemwambia, "Ni weye ulimufukuza." Alimfunga mtoto mgongoni, akapanda treni kurudi kwa wazazi wake kaskazini.

Kiangazi kilipofika, warina asali waliona mabaki ya ndege ya jeshi katika pori lile. Sisi hatukuwa hata na habari kwamba kuna ndege iliyopotea. Askari walikusanya mifupa, ikazikwa ndani ya masanduku kwenye makaburi ya wazungu. Vyuma vililetwa karakanani kwa lori. Afisa mmoja Mbelgiji akaja na michoro yake, tukaanza kuvitambua: hiki cha injini, hiki cha bawa, hiki cha gurudumu. Siku ya tatu vilibaki vichache juu ya turubai ambavyo havikuwa kwenye mchoro wowote.

Msimamizi wetu aliniita, akanionyesha kipande kimoja. "Weye unajua vyuma na mukono. Hii iko ya nini?"

Nikakiokota. Kilikuwa kimeungua na kupinda, lakini kichwa chake kilikuwa na pembe sita. Zama zile vipuri vya baiskeli havikupatikana, kwa hiyo nilikuwa nimemchongea mdogo wangu ekseli ya pedeli kutoka kwenye bolti chakavu. Zile pembe sikuzimaliza kuzipiga tupa. Alikuwa na haraka.

"Iko ya kinga," nikasema. Kinga ni baiskeli, kwa lugha yetu.

"Basi haiko yetu," afisa akasema. "Muitupe."

"Bwana, iko ya ndugu yangu. Alikuwa chini, njiani, ndege ikamuangukia."

Aliweka penseli mezani. "Mifupa yote ilikuwa imeungua pamoja," akasema. "Hatukuweza kuitenga."

Ndivyo nilivyojua mdogo wangu alikozikwa: ndani ya moja ya masanduku yale, chini ya jina la mtu mwingine. Jumapili nilimpeleka mama. Mlinzi wa makaburi alitukataza kuingia, akatuonyesha mahali pa kusimama nje. Mama alilia akiwa ameshika waya wa ua kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa, nikapanda treni. Nilimkuta shemeji akimenya mihogo uani kwa wazazi wake. Nilikaa chini kabisa, nikamweleza yote tangu turubai hadi makaburini. Hakuacha kumenya mpaka mihogo ikaisha.

"Siku ile ya kikao," akasema, "nilingojea muntu mumoja tu aseme hapana. Nilikuangalia weye."

"Nilikosa, shemeji."

"Ndiyo. Ulikosa."

Akamwita mtoto aje kumsalimu baba yake mkubwa. Mtoto alisimama mlangoni akanikazia macho, hakusogea. Nilimwomba mama yake turudi wote mjini, akakataa bila hasira. Alinipikia, akanitandikia, akaniheshimu kama mgeni, na heshima ile iliniuma kuliko matusi.

Asubuhi alinisindikiza kituoni. Karibu na reli akasimama.

"Aliteseka?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa mara moja tu."

Sikujua lolote kuhusu hilo. Nadhani naye alijua kwamba sijui, lakini aliitikia kwa kichwa, akajifunga upya kitenge chake na kurudi kwao.