Uzio wa Miyenzi Uliotembea Birere

Saa moja ya asubuhi, Nyirarukundo anaupa upepo mgongo. Amejifunga kitambaa mdomoni, amefinya macho, panga liko mkononi. Anakata tawi la miyenzi, yaani mnyaa, na papo hapo anaruka nyuma. Pale alipokata panachuruzika maziwa meupe, mazito.

"Usisogee, Papa," anatuambia. "Hii ikiingia ndani ya jicho utalia mpaka kesho. Halafu utaenda kusema ni miye nilikuroga!"

Hatusogei. Tawi analitupa ng'ambo ya uzio, upande wa jirani. Kila baada ya miezi mitatu hupogoa hivyo, na matawi yote huishia huko. Ndani ya kiwanja chake kuna wajukuu na mbuzi, na hakuna mama wa mtaa huu wa Birere anayeacha maziwa ya miyenzi mahali watoto wanapochezea.

Ana miaka arobaini na tano, ni mjane, na kazi yake ni kupanda nyua za watu hapa Goma. Tulimwendea Jumatatu moja ya Julai 1956 kwa ajili ya gazeti letu, tukiwa na swali jepesi. Kati ya miyenzi na sipre, yaani mseprasi, miti miwili inayobaki kijani mwaka mzima, ni upi unaofaa zaidi kuzungushia nyumba?

"Inategemea una haraka gani," alisema. "Miyenzi ni ya mutu asiye na maji wala udongo. Unakata fimbo, unaiweka kivulini siku tatu maziwa yakauke, unaichomeka ndani ya mawe. Basi! Mbuzi haili, mwizi haipendi, kiangazi haikijui."

Na sipre? Hapo akavua kitambaa, akatupeleka kwenye vitalu vyake. Miche mia tatu na arobaini ilikuwa imepangwa kwenye udongo mweusi aliokuja nao kichwani, kikapu kwa kikapu, kutoka njia ya Rutshuru. Huuza mmoja mmoja kwa wenye nyumba za kando ya ziwa. Kwa mauzo hayo anakula, anavaa, na anawasomesha wajukuu wawili.

"Huu ni muti wa kubembeleza. Ardhi ya Goma ni jiwe tupu, kwa hiyo unatoboa kwa mtalimbo, unajaza udongo, unamwagilia kiangazi chote. Na unapokata, kata majani mabichi tu. Ukifika kwenye tawi kavu, hapo hapaoti tena, utabaki na kidonda. Lakini ukiwa na subira, unapata kivuli, unapata harufu nzuri, unapata hata mbao ya mlango."

Tulikuwa tunaandika hayo sauti ilipotoka ng'ambo ya uzio.

"Mwulizeni pia kwa nini uzio wake unatembea!"

Ilikuwa sauti ya jirani, Kataliko, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza samaki wakavu wa Vitshumbi. Kiwanja hicho alikipata mwaka 1954. Tulizunguka kwenda kumsikiliza, naye akatupimia kwa miguu yake, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye miyenzi.

"Nilipofika hapa zilikuwa hatua kumi na saba. Leo ni kumi na sita. Hatua yangu imekwenda wapi? Imepanda lori?" Akashusha sauti. "Yule mama anajua miti kuliko sisi sote. Na Alhamisi jiometa anakuja."

Jiometa ni mpimaji wa viwanja. Wakati huu anapita Birere mtaa kwa mtaa, na sheria yake ni fupi: penye uzio, uzio ndio mpaka. Atakachoandika Alhamisi hakitafutwa.

Tuliporudi kwa Nyirarukundo, alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amekasirika kweli.

"Miye mwizi? Miye? Yeye ndiye anayetaka vitalu vyangu! Ameshaongea na karani wa jiometa, najua, niliwaona wakicheka pamoja. Mutu hacheki na karani bure."

Tukubali tu kwamba hatukumwamini yeyote kati yao. Kataliko alihesabu hatua zake kwa miguu mirefu au mifupi kadiri alivyopenda. Na Nyirarukundo alikuwa na hasira nyingi mno kwa mtu asiye na la kuficha.

Labda aliiona shaka usoni mwetu. Alichukua jembe na mtalimbo, akapiga magoti chini ya uzio. Mwaka 1948, alisema, yeye na marehemu mumewe, Hitimana, walitoboa jiwe la volkano, tundu moja kila hatua, ndipo wakachomeka miyenzi ya kwanza. Matundu hayo yapo hapo hapo chini. Tungojee tuyaone, halafu twende tukamwambie huyo mutu wa samaki.

Alifukua. Mizizi ilikuwa imetambaa juu ya jiwe zima, lisilo na alama. Alifukua hatua ya pili, na ya tatu. Jiwe zima. Akarudi nyuma, ndani ya kiwanja chake mwenyewe, akigongagonga kwa ncha ya mtalimbo, hatua moja, mbili, tatu, mpaka kwenye vitalu. Hapo chuma kilizama. Akatoa udongo kwa vidole. Lilikuwa tundu la mviringo, na ndani yake kisiki cha miyenzi kilichooza. Mbele yake kulikuwa na lingine, na mbele ya hilo lingine tena, yote chini ya miche.

"Mungu wangu," alisema.

Ilituchukua muda kuelewa. Yeye alielewa mara moja. Fimbo ya miyenzi haihitaji kupandwa, ikianguka tu inaota. Kwa miaka minane alikuwa akitupa matawi ng'ambo, mwanzoni huko kukiwa pori tupu, nayo yakashika mizizi. Yale ya mbele yakapata jua yakanenepa. Yale ya nyuma yakakosa jua, yakafa, naye akayakata na kuwashia moto. Kila palipobaki wazi akaweka kitalu. Uzio ulikuwa umetembea kweli, hatua tatu nzima, na aliyeutembeza ni yeye.

Kisha akafanya jambo tusilolipenda. Alirudisha udongo juu ya matundu, akaushindilia kwa mguu, akapanga miche juu yake.

"Umeona nini, Papa?"

"Matundu, Mama."

"Utaandika?"

Tulimjibu kwamba tunaandika tunachokiona.

"Basi andika na hili. Sikuiba. Sikujua."

Tuliandika. Kumwamini ni habari nyingine. Vitalu vyote vilikuwa ndani ya zile hatua tatu, na mtu mwenye wajukuu wa kulisha anaweza kusahau matundu kwa siku tatu. Sisi wenyewe tungejaribiwa.

Alhamisi jiometa alikuja na mnyororo wake wa kupimia na karani mwenye buku. Kataliko alikuwa amesimama mikono kifuani, na mashahidi wawili kutoka Butembo. Nyirarukundo alisimama kwenye vitalu vyake, miguu juu ya mahali pale pale, wala hakututazama. Mnyororo ukanyooshwa kando ya miyenzi. Jiometa akasema uzio ni mzuri, umenyooka, hakuna shida. Kataliko akaanza kupiga kelele, akaambiwa anyamaze. Karani akachovya kalamu.

"Ngoja," Nyirarukundo alisema.

Akainua miche, mmoja mmoja, akaiweka pembeni. Akafukua matundu matano mbele ya watu wote, akaeleza habari ya matawi kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mngedhani Kataliko alifurahi. Wapi! Alisogea akiwa amekunja uso.

"Huu ni mtego. Kwa nini mutu atoe kiwanja chake? Umechimba haya jana!"

"Jana?" Nyirarukundo alicheka kwa uchungu. "Nivunje jiwe hili jana, na wewe nyumba yako iko hapo, usisikie? Weka mukono, Papa. Weka!"

Kataliko alipiga magoti. Akatia ngumi kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu, akatoa vipande vya visiki vilivyooza, akavinusa. Alipoinuka akamwambia jiometa kwamba ni ya zamani. Jiometa akakubali, na karani akaandika kwamba mpaka ni pale matundu yalipo.

Watu walipotawanyika, Nyirarukundo alianza kuhamisha miche, na ilionekana wazi kwamba haitapata nafasi upande wake. Kataliko akamsogelea.

"Iache hapo mpaka mvua ya Septemba," alisema.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna mutu asiyetaka kitu."

Kusema kweli hata sisi tulikuwa tukimchunguza Kataliko usoni tuone ana shabaha gani. Hatukuiona. Ikiwa ipo, ameificha vizuri.

Nyirarukundo ana mpango. Mvua ikianza atang'oa miyenzi yote, na atapanda sipre ishirini kwenye matundu yale yale ya Hitimana. "Tawi la sipre likianguka, limekufa. Muti unabaki pale ulipouweka. Nataka hata nikifa, mutu asije kuwaambia wajukuu wangu kwamba bibi yao alikuwa anahamisha mipaka."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kamba ndefu ya katani. Ncha moja akaizungushia kiganja chake. Nyingine akamnyooshea Kataliko.

"Shika. Tuweke alama leo, sote tukiona."

Kataliko akaishika. Akarudi nyuma mpaka tundu la mwisho, kamba ikakaza katikati yao.

"Usivute, Mama," alisema.

"Na wewe usiachie."